Notsi za mtandaoni na wanafunzi wenye ulemavu: tunayodhani na yaliyo kweli

Semista iliyopita mwanafunzi mmoja wa mwaka wa pili, asiyeona, aliingia ofisini kwangu hapa Iringa akiwa na simu mkononi. "Shikamoo mwalimu. Hebu sikiliza notsi tulizopewa." Akafungua faili. Simu ikatamka, "Ukurasa wa kwanza," ikanyamaza. "Ukurasa wa pili," ikanyamaza tena. Ziko kurasa arobaini na moja. Tulicheka wote wawili, ila mwenye mtihani Jumatatu alikuwa yeye.

Kazi yangu ni kuwasaidia wahadhiri kupandisha masomo kwenye mfumo wa chuo. Nimeshasikia sababu nyingi za faili kama lile, na karibu zote zimejengwa juu ya jambo ambalo si kweli.

"Si nimeweka PDF? Kila mtu atafungua."

Kufungua atafungua. PDF ni gunia tu: kwa nje yanafanana, ndani unaweza kukuta viazi au mawe. Ukiskani kitabu steshenari, au ukipiga picha daftari la mwenzako, unachopata ni picha ya maneno, si maneno. Programu ya kusoma skrini hutamka maandishi. Ikikuta picha haina cha kutamka.

Kipimo chake hakihitaji utaalamu. Jaribu kunakili sentensi moja kutoka kwenye faili. Ikikataa kushikika, umeshika picha. Unaweza kulipandisha faili hilo kwenye Google Drive na kulifungua kwa Google Docs, nayo itajaribu kuyatoa maneno. Itakosea, hasa kwenye majedwali na mwandiko wa mkono, kwa hiyo lazima mtu apitie. Mimi huanza kwa kuuliza kama faili la Word lenyewe lipo. Mara nyingi lipo, tena kwenye flashi ya mhadhiri huyo huyo aliyelichapisha, akalipiga muhuri, kisha akaliskani.

Hata yakiwa maandishi kweli, mpangilio nao una neno. Ukikuza herufi na kuzikoleza, macho yanaona kichwa cha mada, lakini kompyuta inaona sentensi nene. Tumia mitindo ya vichwa iliyomo ndani ya Word au LibreOffice. Hapo mwanafunzi anayetumia NVDA, programu ya kusoma skrini ya kompyuta, anabonyeza herufi H na kuruka kutoka kichwa hadi kichwa. Bila hivyo ni kusikiliza kanda nzima ukitafuta wimbo mmoja. Ukimaliza, hifadhi faili kama PDF. Ukilipitisha kwenye njia ya kuchapa, vichwa ulivyovipanga vinaweza kupotea. Na kama notsi ni za Kiswahili, iambie Word kwamba lugha ni Kiswahili. Nimewahi kusikia sauti ya Kiingereza ikisoma ukurasa mzima wa fasihi simulizi. Hakuna aliyeambulia kitu, hata sisi tunaoona.

"Darasani kwangu hakuna mlemavu."

Una uhakika, au hujaambiwa? Wengi hawasemi. Wapo wenye uoni hafifu wanaokaa mbele kabisa na kunyamaza. Watu wenye ualbino karibu wote wana uoni hafifu, na mwanga mkali unawaumiza. Hawa hawahitaji kusomewa, wanahitaji kukuza herufi. Picha iliyoskaniwa ukiikuza inakuwa ukungu wa Uyole asubuhi ya Julai, ilhali maandishi halisi yanakua na kujipanga upya kwenye skrini.

Wapo pia wasiotofautisha nyekundu na kijani, wengi wao wanaume, na baadhi hawajui kabisa kwamba wana tatizo hilo. Mhadhiri anaandika, "Zenye rangi nyekundu ndizo muhimu kwa mtihani." Weka nyota au neno "muhimu" pembeni. Maandishi ya kijivu hafifu juu ya nyeupe yaache pia: mwongozo wa kimataifa wa tovuti, WCAG, unataka utofauti wa mwangaza wa angalau 4.5 kwa 1 kati ya maandishi ya kawaida na mandhari yake.

"Vifaa vyake ni ghali, chuo hakina bajeti."

NVDA ni ya bure na imekuwapo tangu 2006. Simu nazo zina programu za kusoma skrini humo humo ndani: Android zina TalkBack, na iPhone zina VoiceOver. Mwanafunzi wangu yule alikuja na kifaa chake tayari. Kilichokosekana ni faili linalosomeka. Mashine za kuchapa nukta nundu ndizo ghali kweli, hapo sibishani, ila hazizuii mtu kuandaa Word vizuri.

"Picha haina maana kwa asiyeona."

Hapa ndipo ninapobishana zaidi na walimu wa jiografia. Mmoja aliweka ramani ya Mto Ruaha Mkuu, na kwenye nafasi ya maandishi mbadala, yale ambayo programu huyatamka badala ya picha, akaandika "ramani". Nikamuuliza, "Ulitaka wajifunze nini hapo?" Akajibu bila kusita: mto unakusanya maji ya nyanda za juu, unapita bonde la Usangu na ardhi oevu ya Ihefu, unaingia Hifadhi ya Ruaha, kisha bwawa la Mtera. Basi, andika hayo hayo. Maandishi mbadala si kueleza rangi na mistari, ni kutoa kile ambacho anayeona angekipata kwa kuitazama. Kama picha ni pambo tu, iwekee alama ya pambo ili programu iiruke.

"Kiziwi atasoma midomo kwenye video."

Simama mbele ya kioo, useme bila sauti: papa, baba, mama. Midomo inafanya kitu kile kile. Video inahitaji manukuu, yaani maneno yanayosemwa yakiandikwa kwenye skrini, na manukuu yanayotengenezwa na mashine lazima yahaririwe kwa mkono, la sivyo majina na istilahi yanatoka ovyo. Tena, kwa viziwi wengi Kiswahili ni lugha ya pili. Lugha ya Alama ya Tanzania ina sarufi yake. Sentensi fupi zinawasaidia, na mkalimani anawasaidia zaidi.

Andiko kamili la somo lina faida nyingine ambayo haihusiani na ulemavu hata kidogo. Aliyerudi kwao Ludewa au Makete analipakua kwa kilobaiti chache, wakati video ya saa moja ingemmalizia bando.

"Kugeuza kitabu ni kuvunja hakimiliki, na sheria hainilazimishi."

Notsi ulizoandika mwenyewe ni zako, kwa hiyo hoja ya hakimiliki haizigusi. Kwa vitabu vya wengine upo Mkataba wa Marrakesh wa 2013, unaozitaka nchi ziruhusu nakala kwa ajili ya wasioona na wengine wasioweza kusoma chapa ya kawaida. Tanzania ilijiunga nao mwaka 2020. Kuhusu kulazimishwa, ipo Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010, inayogusa elimu na upatikanaji wa taarifa.

"Muda wa jaribio ni mmoja kwa wote, ndiyo haki."

Anayesikiliza swali lenye jedwali hutumia muda mrefu kuliko anayelitupia jicho. Kwenye Moodle, mfumo wa masomo na majaribio ya mtandaoni, unaweza kumwongezea muda mwanafunzi mmoja bila kugusa wengine. Yule kijana wa kurasa arobaini na moja aliongezewa nusu saa. Notsi zenyewe alizipata Jumamosi usiku, baada ya mhadhiri kuikumbuka flashi yake.