Ukiwa safarini, chomoa chaja kwenye asilimia 80

Nimeulizwa tena: "Gari la umeme litawezaje safari ndefu, na kulijaza tu ni zaidi ya saa?" Kosa liko kwenye hilo neno kulijaza. Betri si tangi. Haipokei umeme kwa kasi ileile mwanzo hadi mwisho.

Ikiwa na asilimia 10, betri hupokea umeme kwa pupa. Kadiri inavyojaa, volti za seli hukaribia kikomo na kompyuta ya betri hulazimika kupunguza ampea. Isipofanya hivyo, lithiamu hukosa pa kuingia ndani ya grafaiti (kaboni inayoihifadhi ndani ya seli), ikagandia juu yake kama utando wa metali, na uwezo huo wa betri haurudi. Ndiyo maana gari lililokuwa likivuta kilowati 100 utalikuta, likishavuka asilimia 80, linavuta kilowati 30 au pungufu. Asilimia 20 za mwisho zinaweza kula muda sawa na 70 zilizotangulia, na nyuma yako kuna mtu kwenye foleni!

Piga hesabu. Betri ya kilowati-saa 60, gari likila kilowati-saa 20 kwa kilomita 100, inakupa kilomita 300. Kutoka asilimia 10 hadi 80 ni kilowati-saa 42, yaani kilomita 210. Panga vituo kwa hiyo 210, si kwa namba ya kwenye tangazo. Kujaza hadi 100 kufanyie nyumbani usiku wa kuamkia safari, au pale kituo kinachofuata kikiwa mbali kweli.

Mwendo nao: ukitoka kilomita 100 hadi 120 kwa saa, ukinzani wa hewa unapanda kwa asilimia 44, na hiyo 210 inapungua. Na chaja ya kilowati 150 haiwezi kulilazimisha gari lenye kikomo cha 50. Betri ikiwa baridi, hata hiyo 50 huipati. Kama gari lako lina uwezo wa kuipasha moto, liagize lianze mapema kabla ya kufika.

Asilimia yenyewe ya kwenye dashibodi ni makisio ya kompyuta. Betri za fosfeti ya chuma (aina ya betri za lithiamu, LFP) ndizo zinazonitia shaka zaidi: volti zake hazibadiliki sana katikati, hivyo makisio hupotoka usipozichaji hadi 100 mara kwa mara. Siiamini dashibodi ikisema asilimia 5. Fika kituoni ukiwa na 10 au 15, na uchague chenye chaja zaidi ya moja. Ukizikuta zote mbovu, asilimia 10 ni kilomita 30 za kutafutia nyingine.