Filamu ya Kale Haifufuliwi na Kompyuta

Barazani Mji wa Kale, kwenye kahawa tungu na kashata, nasikia hoja moja kila filamu ya zamani ya sayansi ya kubuni inaporudishwa: "Siku hizi kuna kompyuta, picha zikinoga watu watajaa." Siyo kweli, na inaniuma kwa sababu nazipenda filamu hizi.

Tazama Mad Max, mfululizo wa filamu za mbio za magari katika dunia iliyoharibika. Ilinyamaza tangu 1985 hadi 2015, miaka 30. George Miller, aliyeianzisha, ndiye aliyeirudisha. Magari yalikuwa ya kweli, yakakimbizwa kweli kwenye jangwa la Namibia, huku huku Afrika. Kompyuta ilitumika, tena sana, lakini kusaidia tu: kufuta kamba za usalama, kubadili anga. Kilichowakamata vijana ambao hawakuwahi kuona zile za awali ni kisa kinachoeleweka bila kuelezwa: maji yamehodhiwa na mtu mmoja, na mwanamke, Furiosa, anawatorosha wenzake. Mkaazi wa Mombasa anayesubiri mkokoteni wa mitungi ya maji hahitaji kufasiriwa hilo. Filamu hiyo ya 2015 ilipata tuzo 6 za Oscar, na hakuna hata moja ya madoido ya picha.

Blade Runner 2049, mwendelezo wa Blade Runner ya 1982, ndiyo iliyoshinda Oscar ya madoido, baada ya kimya cha miaka 35. Ni filamu nzuri mno, kwangu mimi. Lakini mauzo ya tiketi hayakufikia matarajio.