Je, pua kavu ya paka ni dalili ya ugonjwa?

Hapana. Natanguliza jibu kwa sababu mimi mwenyewe niliamini kinyume chake miaka mingi, hadi siku moja imani hiyo ikanigharimu nauli ya tuktuk kutoka Mji wa Kale hadi kwa daktari wa mifugo, kwenda na kurudi, paka akilia kikapuni njia nzima.

Ilikuwa kaskazi, joto la kuchosha. Paka alikuwa amelala mbele ya feni tangu adhuhuri. Nikamgusa pua: kavu, tena ya moto. Nyumbani tulikua na kanuni moja tu, kwamba pua ikiwa na majimaji mnyama ni mzima, ikikauka anaumwa. Daktari hakuigusa pua kabisa. Aliinua mdomo wa juu, akabonyeza ufizi, akaachia, akanyamaza kidogo.

"Alikuwa amelala wapi?"

"Mbele ya feni."

"Basi."

Unyevu wa pua hutokana na ute wa ndani pamoja na mate anayojipaka mnyama akijiramba. Akilala harambi, na feni hukausha pua kama inavyokausha kanga kwenye kamba. Upande wa pili, paka mwenye mafua pua yake huwa chepechepe kupita kiasi. Kwa hiyo kanuni yetu ilimshtaki mzima na kumwachilia mgonjwa. Hata ule umoto haukuwa ushahidi: joto la kawaida la paka ni takriban nyuzi 38 hadi 39, letu ni kama 37, hivyo kwa kiganja cha binadamu paka yeyote ana homa. Pua ya kumpeleka nayo kwa daktari ni iliyopasuka, yenye magamba au vidonda visivyopona.

Sasa ule ufizi. Ukikanyaga mchanga mbichi ufukweni maji yakiwa yamekupwa, sehemu iliyo kandokando ya mguu hupauka ghafla, kisha hurudi kuwa na giza maji yanaporejea. Ufizi hufanya vivyo hivyo. Kidole kinasukuma damu nje ya mishipa midogo, panabaki doa jeupe. Ukiachia, damu inarudi. Kwa mnyama mzima doa hufutika ndani ya sekunde 2.

Kwa nini ufizi utoe habari za moyo? Fikiria nyumba ya ghorofa siku za mgao wa maji. Tangi likipungua, mlinzi hufunga kwanza bomba la uani, jikoni kukaendelea kupata. Mwili nao ukipoteza damu au maji mengi hubana mishipa ya pembeni ili moyo na ubongo visikose. Ufizi ni bomba la uani. Doa likichelewa kurudi, huenda kuna anayefunga koki.

Rangi nayo husema. Weupe huashiria upungufu wa damu, na kupe au viroboto wengi wanatosha kuuleta, hasa kwa watoto wa paka. Umanjano huelekeza kwenye ini au damu inayovunjika. Ubuluu au ukahawia ni kukosa oksijeni, na hapo kumbuka kama kuna mtu aliyempa parasetamoli: mwili wa paka hauwezi kuivunja, kidonge kimoja chaweza kumuua.

Usikitegemee kipimo hiki peke yake, lakini. Mnyama anaweza kuwa mahututi na doa likarudi vizuri. Hata kwa aliyekufa punde tu, laweza kurudi kana kwamba hakuna kilichotokea. Ndiyo maana daktari huhesabu na pumzi. Paka aliyelala huvuta kama 15 hadi 30 kwa dakika. Akizidi hapo kila unapohesabu, mpeleke. Akihema mdomo wazi, usisingizie joto la Mombasa. Mbwa hufanya hivyo kujipoza, paka si kawaida yake. Na dume anayejikamua bila kutoa mkojo hasubiri kesho.

Tangu siku ile namfunua mdomo kila Ijumaa. Ijumaa ya tatu nikaona madoa meusi kwenye ufizi, nikaita tuktuk tena. Paka wangu ni wa rangi ya chungwa, na kumbe paka wa rangi hiyo wengi huota madoa hayo wakikua, kama binadamu wenye madoadoa usoni. Nauli ilikuwa imepanda.