Simu harusini na kesi ya Sony

Kazi yangu ni uwakili wa hakimiliki, na wateja wangu wengi hapa Mombasa ni waimbaji. Ombi linalonijia sana siku hizi ni hili: "Wakili, niandikie kwenye mkataba, nikiimba simu marufuku." Wanahofia wimbo mpya utafika YouTube kabla ya pilau kupakuliwa. (Kwenye harusi za wanawake simu huwa zishakatazwa, lakini pale ni mambo ya stara.) Kuandika naweza. Ila kwanza huwapa habari ya Sony.

Mwaka 1975 Sony walitoa Betamax, mashine ya kurekodi vipindi vya televisheni nyumbani. Mwaka uliofuata kampuni za filamu Universal na Walt Disney wakawashtaki, wakidai anayeuza mashine ya kunakili anashiriki wizi. Mahakama ya rufaa ikawakubalia mwaka 1981. Januari 1984, Mahakama ya Juu ya Marekani ikapindua uamuzi huo kwa kura 5 dhidi ya 4. Ilisema watu wengi walirekodi kipindi wakitazame baadaye, basi, na kifaa chenye matumizi halali ya maana hakiharamishwi kwa ajili ya wanaokitumia vibaya. Hata Fred Rogers, mtangazaji wa vipindi vya watoto, alitoa ushahidi kwamba familia zikimrekodi yeye hana neno. Kabla muongo ule haujaisha, video za nyumbani zilikuwa zikiiingizia Hollywood pesa kuliko tiketi za sinema.

Kisha mambo yakageuka. Sony wakanunua kampuni ya muziki ya CBS Records mwaka 1988 na ya filamu ya Columbia Pictures mwaka 1989, wakawa nao wana mali ya kulinda. Mwaka 2005 ikagundulika kwamba CD za Sony BMG, kampuni waliyomiliki kwa ubia, zinapenyeza kwenye kompyuta programu ya siri ya kuzuia kunakili, na programu hiyo inawaachia virusi mahali pa kujificha. CD zikaondolewa madukani, kesi zikafuata. Aliyeumia ni aliyetoa pesa yake dukani. Aliyepakua wimbo wa wizi hakuguswa.

Simwambii mwimbaji kwamba hofu yake ni bure. Namuuliza pesa yake inatoka wapi. Wengi wanaishi kwa malipo ya harusi, na kipande cha video ya simu kilichojaa vigelegele ndicho kinacholeta mwaliko mwingine, kama kanda za taarab zilivyosambaza sauti za Mombasa enzi zile. Hasara yenyewe iko kwa anayechukua rekodi safi, akaiweka kwenye chaneli yake na kula pesa za matangazo. Huyo ana dawa: kazi isajiliwe KECOBO, bodi ya hakimiliki ya Kenya, halafu tudai iondolewe mtandaoni kwa utaratibu ulioingizwa kwenye Sheria ya Hakimiliki mwaka 2019.

Kwa hiyo kifungu ninachoandika ni kifupi. Simu ruhusa. Kuchomeka kinasa sauti kwenye miksa, ile mashine ya kuchanganyia sauti za maikrofoni na ala, ni marufuku bila idhini ya maandishi, na anayetaka rekodi hiyo atakuta bei yake mstari wa chini.