Miji ikibana nyumba zinazopangishwa kwa siku chache, kodi ya pango inashuka?

Tuanze na hesabu ya mwenye nyumba. Tuseme fleti yake ingemwingizia dola 2,400 kwa mwezi kwa mpangaji wa kudumu. Akiitangaza Airbnb, mtandao wa kupangisha nyumba kwa siku chache, kwa dola 160 kwa siku, akipata wageni siku 15 tu fedha hiyo imetimia, na siku zinazobaki, ukitoa usafi na makato, ni nyongeza. Hesabu hiyo ndiyo inayowanyang'anya wapangaji nyumba, na ndiyo miji inayojaribu kuivuruga.

New York iliivuruga kwelikweli. Tangu 2011 sheria ya jimbo ilikataza kupangisha fleti nzima kwa chini ya siku 30 katika majengo ya ghorofa yenye kaya nyingi, lakini matangazo yaliendelea kumiminika, maana wakaguzi walilazimika kuwasaka wenye nyumba mmoja mmoja. Septemba 2023 jiji lilipoanza kutekeleza Sheria Na. 18, mzigo ulihamia kwa kampuni za mtandaoni: hazitakiwi kupitisha malipo ya nyumba isiyosajiliwa. Mwenyeji awepo nyumbani wageni wakiwapo, wageni wasizidi wawili, milango ya vyumba isifungwe kwa ufunguo. Haikuchukua muda, matangazo ya siku chache yakapungua kwa zaidi ya robo tatu.

Kodi hazikushuka. Jiji lile lina nyumba za kupanga zaidi ya milioni 2, na mwaka 2023 zilizokuwa wazi zilikuwa asilimia 1.4 tu. Nyumba elfu kadhaa zikirudi hapo zinamezwa. Tena nyingi hazikurudi kwa wapangaji wa kudumu. Zilihamishiwa kwenye upangishaji wa siku 30 na zaidi, ambao sheria hiyo haiugusi.

Wapo wanaohitimisha kwamba udhibiti hauna faida. Sikubaliani nao. Katika eneo la Los Angeles, watafiti walilinganisha nyumba za pande mbili za mipaka ya miji, upande mmoja una masharti na wa pili hauna. Penye masharti matangazo yalipungua kwa nusu hivi, na bei za nyumba zikashuka kwa takriban asilimia 2. Barcelona nako, utafiti uliochapishwa 2020 ulikadiria kuwa Airbnb ilipandisha kodi kwa asilimia 1.9 katika mtaa wa kawaida, lakini kwa asilimia 7 katika mitaa inayofurika watalii. Hiyo 7 ndiyo ya kutazama, kwa sababu wastani wa jiji unawaficha watu wanaohamishwa.

Barcelona imetangaza kwamba leseni 10,101 za fleti za watalii hazitaendelea baada ya Novemba 2028. Nitarajiavyo mimi, nafuu itaonekana katikati ya jiji na kufifia pembeni. Meya aliyetangaza hatua hiyo alisema kodi zilikuwa zimepanda kwa asilimia 68 katika miaka kumi. Kiasi hicho hakielezwi na watalii peke yao, na bila kujenga nyumba mpya hakitashuka.

Mapema 2024 Kenya iliagiza nyumba za aina hii zisajiliwe, kwa sababu za usalama baada ya wanawake kuuawa humo. Daftari hilo likionyesha mtaa na idadi ya siku zilizopangishwa, kaunti zitaweza kujua ni fleti ngapi za Kilimani jijini Nairobi au Nyali jijini Mombasa zimeondoka mikononi mwa wapangaji, kabla ya kutunga masharti yoyote ya upangishaji.