Viunzi vya Madini Adimu: Usifungue Chupa Ingali Moto

Tangu Susumu Kitagawa, Richard Robson na Omar Yaghi watuzwe Nobel ya Kemia mwaka 2025 kwa viunzi vya metali na ogania, yaani fuwele za metali zilizounganishwa kwa molekuli za kaboni, zenye vitundu vidogo mno vinavyonyonya vitu kama gesi, maabara yetu hapa Nairobi hupokea watu wenye mifuko ya udongo wa kilima cha Mrima, Kwale, chenye madini adimu, wakitaka tuwatengenezee. Hamu hiyo tunaithamini. Lakini udongo si europiamu, mojawapo ya metali adimu. Metali hizi 17 hufanana mno kikemia, na kuzitenganisha ni kazi ya kiwanda. Tena hilo neno "adimu" linapotosha: seriamu ardhini inakaribia shaba kwa wingi.

Sisi huanza na naitreti ya europiamu iliyokwisha kusafishwa. Huyeyushwa pamoja na asidi ya tereftaliki katika kiyeyushi kiitwacho dimethilifomamidi, ikatiwa kwenye chupa ya chuma yenye kikombe cha tefloni, ikaokwa kwa nyuzi 100 hadi 120 siku nzima au zaidi. Chupa isijazwe kupita theluthi mbili. Ipoe yenyewe hadi joto la chumba. Kuimwagia maji ya bomba ili kuharakisha ni marufuku. Ifunguliwe ndani ya kabati la kufyonza mvuke, kwa glavu za butili, maana kiyeyushi hicho hupenya ngozi na kudhuru ini. Tumesema mara nyingi: glavu nyembamba za hospitali hazitoshi.

Mabaki hayamwagwi kwenye sinki. Yatiwe kwenye chupa yenye lebo, yaandikwe daftarini, yachukuliwe na msafirishaji mwenye leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira, kwa mujibu wa kanuni za taka. Anayekiuka hukabiliwa na faini au kifungo, na kuwa mwanafunzi si kinga.

Unga unaopatikana ni mweupe. Umulike kwa taa ya urujuanimno, unawaka mwekundu: molekuli ya ogania hunasa mwanga na kuipa ioni ya europiamu nishati. Wa terbiamu huwaka kijani. Wengine hulalamika kuwa unga wao haunyonyi chochote, kumbe hawakuuosha. Vitundu vimejaa kiyeyushi. Uloweke kwenye methanoli siku kadhaa, ukiibadilisha kila siku, kisha uupashe moto katika ombwe.

Mng'ao huo hubadilika baadhi ya viunzi vikikutana na floraidi, inayosumbua visima vingi vya Nairobi na Bonde la Ufa. Kikomo cha WHO ni miligramu 1.5 kwa lita. Kwa hiyo badala ya udongo, tuletee maji ya kisima chako, lita moja, katika chupa safi ya plastiki. Ya kioo hatutaipokea, kwani floraidi huathiriana na kioo.