Uchaguzi wa bunge la jimbo Ujerumani: tunayoambiana na ukweli wenyewe

Kila uchaguzi wa bunge la jimbo ukikaribia huku Ujerumani, magrupu yetu ya WhatsApp yanajaa maelezo, na mengi ni siasa za nyumbani zimebandikwa huku bila kubadilishwa. Inaniuma kwa sababu kuna ndugu zetu wana pasi ya Kijerumani siku nyingi, wanapiga kura, na hawajui hiyo kura inaenda wapi. Tuyanyooshe basi.

"Tunamchagua waziri mkuu wa jimbo." Hapana. Sura yake iko kwenye mabango kila kona kwa hiyo naelewa watu wanavyofikiria, lakini wewe unachagua wabunge, wabunge ndio wanakaa bungeni wanamchagua yeye. Kama hagombei eneo lako wala hayuko kwenye orodha ya chama unayopewa, jina lake hulioni kabisa kwenye karatasi.

"Chama kikishika namba moja, serikali ni yake." Hii ndio inaleta ugomvi kuliko zote, maana sisi tumezoea rais akishinda kashinda, wengine wakae pembeni. Angalia jimbo la Thüringen, 1 Septemba 2024. AfD, chama cha mrengo mkali wa kulia, ikaongoza kwa asilimia 32.8, ikapata viti 32 kati ya 88, na watu wakaanza kuandika kwamba ushindi umeibiwa pale ilipokosa serikali. Hakuna kilichoibiwa jamani. Viti 32 havitoshi kumpitisha mtu wako, unahitaji wenzako, na vyama vingine vyote vilishasema haviungani nayo. CDU yenye viti 23 ikakaa na BSW yenye 15 na SPD yenye 6, jumla 44, yaani nusu kamili, hata wingi hawana, na bado tarehe 12 Desemba Mario Voigt wa CDU akachaguliwa waziri mkuu, maana baadhi ya wabunge wa upinzani nao walimpigia kura. Unaweza usiipende hiyo serikali, ni haki yako, ila imepatikana kwa utaratibu uleule waliokubali wote kabla ya kura.

"Kura ya kwanza ndio yenye uzito." Majimbo mengi unapewa kura mbili, ya kwanza ni ya mgombea wa eneo lako, ya pili ni ya chama, na hii ya pili ndio inagawa viti bungeni. Ukiipuuza umeacha sehemu kubwa ya sauti yako mezani. Lakini usikariri, kila jimbo lina sheria yake: Saarland una kura moja tu, Hamburg unazo 10, Bayern zote mbili zinajumlishwa na ile ya pili unaweza kumpa mtu mmoja kwa jina, hata aliyewekwa chini kabisa kwenye orodha, na akipata kura nyingi anawaruka wa juu yake. Ndio maana ile karatasi ya pili ya Bayern ni kubwa kama kitambaa cha meza.

"Chama kikipata asilimia 4, kitapata viti vichache." Kwa kawaida kitapata sifuri, mstari ni asilimia 5. Saarland, Machi 2022, chama cha Kijani walikosa kura 23 tu kuufikia. Kura 23! Hiyo ni ukoo mmoja ukikusanyika sikukuu. Na hao hawakuwa peke yao, FDP na wengine pia walianguka, zaidi ya kura moja kati ya kila tano ikawa haina mbunge, viti 51 vyote vikagawanywa kwa vyama vitatu, na SPD kwa asilimia 43.5 ikachukua 29 ikatawala peke yake. Zipo njia za kupenya: chama cha Wadenmark wachache wa Schleswig-Holstein, SSW, hakibanwi na huo mstari, na kule Sachsen mwaka 2024 chama cha Die Linke waliingia na asilimia 4.5 kwa sababu walishinda maeneo mawili ya Leipzig. Alafu sio kweli kwamba kura ya chama kidogo inatupwa yote, kikifika asilimia 1 kwenye uchaguzi wa jimbo kinaingia kwenye ruzuku ya serikali.

Vyama vilevile nchi nzima? Sio hivo. CDU haisimamishi mtu Bayern, kule ni CSU, na CSU haigombei kwingine. Freie Wähler wako kwenye serikali ya Bayern tangu 2018 na bunge la Berlin hawajawahi kuingia.

Na mtu asikwambie bunge la jimbo ni dogo. Shule ya mwanao, polisi, vyuo vikuu, yote ni ya jimbo, na serikali ya jimbo ndio inapiga kura kwenye Bundesrat, yaani baraza la majimbo, sheria za taifa zinapopita. Pia kuna wanaosema sisi weusi hatupewi nafasi, wakati Aminata Touré, ambaye wazazi wake walitoka Mali, aliingia bunge la Schleswig-Holstein 2017 na 2022 akawa waziri.

"Nina kibali cha kudumu, napiga kura." Hapana, ni raia wa Ujerumani tu. Hata Mfaransa au Mtaliano anaishia kura ya manispaa na ya Bunge la Ulaya, ya jimbo hapati. Tangu 27 Juni 2024 Ujerumani haikulazimishi tena kuacha uraia wako wa zamani, na Kenya inaruhusu uraia pacha tangu katiba ya 2010, ila Mtanzania bado sheria ya nyumbani inambana, kwa hiyo ajipange kabla ya kuomba.

Usiye na pasi bado una mlango mmoja. Vituo vinafungwa saa 12 jioni na kuhesabu ni wazi kwa mtu yeyote, hutakiwi kuwa raia. Ingia, kaa kimya, angalia karatasi zinavyofunguliwa na kupangwa mafungu, alafu ndio uje grupuni utuambie umeona nini.